Msimbo wa michezo ya zamani usiozee kabatini

Kwenye barabara inayotoka Rutshuru, ikapita Kibumba na Kibati hadi kuingia Goma, chukudu hushuka kila siku zikiwa zimejaa viazi, kabichi, mbao na makaa. Hakuna kampuni inayomiliki chukudu. Fundi anatazama ya mwenzake, anapima kwa macho, anarefusha ubao au anabadilisha gurudumu, na baada ya siku chache yake iko barabarani. Ndivyo chukudu ilivyoenea Kivu tangu miaka ya 1970, na ndiyo sababu bado inaishi: kila aliyeihitaji aliweza kuona ilivyotengenezwa.

Michezo ya kompyuta haina bahati hiyo. Kampuni inatengeneza mchezo, inauuza miaka michache, kisha inaacha. Seva zinazimwa, duka la mtandaoni linaufuta, na maandishi yaliyouzaa mchezo huo yanabaki kwenye kabati la kampuni mpaka yapotee. Huko Ulaya na Marekani mabishano yamekuwa marefu: je, watengenezaji wanapaswa kutoa hadharani msimbo wa michezo yao ya zamani, ili yeyote ausome, aurekebishe na autumie?

Kwa mkaaji wa Kibati, wilayani Nyiragongo, swali hilo linaweza kuonekana kama anasa ya watu walioshiba. Eneo hilo lilikuwa na kambi ya wakimbizi wa vita mwaka 2008, likashuhudia mapigano mwaka 2013, na tangu 2022 maelfu ya familia zilipiga mahema jirani yake, Kanyaruchinya. Mtu aliyelala chini ya hema la plastiki ana mambo mengine ya kuuliza.

Hata hivyo, jibu la swali hilo linamgusa mtoto wa Kibati kuliko linavyomgusa mtoto wa Paris. Wa Paris akinyimwa mchezo wa zamani, atanunuliwa mpya. Wa Kibati anaishi na vitu vya zamani: simu iliyopita mikono mitatu, kompyuta ya mtumba, mashine ya Play iliyotengenezwa kabla hajazaliwa. Kwake, kitu cha zamani ndicho kitu alicho nacho. Kwa hiyo jibu linapaswa kuwa ndiyo. Mchezo ukiacha kuuzwa, msimbo wake utolewe.

Nakala si ufunguo

Kwanza ieleweke kinachoombwa. Mtengenezaji wa mchezo huandika maagizo kwa lugha ambayo binadamu aliyeisoma anaielewa: mchezaji akifika hapa, mlango ufunguke, mpira ukigonga mlingoti, urudi uwanjani. Maandishi hayo ndiyo msimbo chanzo. Kisha kompyuta huyageuza kuwa tarakimu ambazo mashine peke yake ndiyo inazisoma haraka. Mnunuzi hupewa tarakimu. Maandishi yanabaki kwa kampuni.

Wapo watakaosema kwamba Kibati na Goma hazihitaji ruhusa ya mtu, kwa kuwa michezo inapita kutoka simu hadi simu na kutoka flashi hadi flashi, na hakuna anayeuliza leseni. Ni kweli, michezo inanakiliwa. Lakini kunakili mchezo si kuufungua. Anayenakili anapata pikipiki ambayo injini yake imechomelewa: anaweza kuiendesha, lakini siku ikigoma hana pa kuingiza spana. Mafundi wa pikipiki wa Goma wamekuwa mafundi kwa sababu injini inafunguka. Kijana alikaa kando ya fundi, akashika taa, akaona pistoni inatoka na kurudi, na baada ya mwaka mmoja naye akafungua ya kwake. Kijana anayetaka kujifunza kutengeneza programu hana injini ya kufungua, isipokuwa mwenye nayo ameamua kuiachia.

Na anapoiachia, mambo hutokea. Mwaka 1993 kampuni ya Marekani id Software ilitoa mchezo wa Doom. Desemba 1997, mchezo ukiwa bado una jina kubwa, kampuni hiyo iliweka msimbo wake hadharani, na mwaka 1999 ikauweka chini ya leseni huru ya GPL, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha kwa sharti moja: anayegawa alichokibadilisha naye atoe msimbo wake. Tangu hapo Doom imehamishiwa kwenye kila aina ya mashine, hata zile ambazo hazikuumbwa kwa ajili ya michezo, na vizazi vya wanafunzi wa kompyuta vimejifunza kwa kuusoma. Kampuni haikufa kwa hilo. Jina la Doom bado linauzwa. Toleo jingine kubwa lilitoka mwaka 2025.

Mji ulioachiwa wazi

Lakini mfano unaoihusu Kibati zaidi ni mchezo usio na bunduki, na njia yake ilipita ng'ambo ya mpaka.

Mwaka 1989 Mmarekani Will Wright na kampuni yake ya Maxis walitoa SimCity. Mchezaji anakuwa meya. Anapewa ardhi tupu na fedha kidogo, anapanga maeneo ya makazi, ya biashara na ya viwanda, anavuta nyaya za umeme, anajenga barabara, anatoza kodi, kisha anaangalia mji ukikua au ukianguka. Baadaye kampuni ya Electronic Arts iliinunua Maxis. Mwaka 2007, Electronic Arts ilikubali kuutoa mchezo huo wa kwanza kwa mradi wa One Laptop per Child, uliokuwa unatengeneza kompyuta ndogo za kijani na nyeupe kwa ajili ya watoto wa nchi maskini. Januari 2008 msimbo wenyewe ulitolewa chini ya leseni ya GPL, kwa jina la Micropolis, kwa sababu kampuni ilibaki na jina la SimCity. Rwanda ikawa moja ya nchi zilizonunua kompyuta hizo kwa wingi zaidi barani Afrika: zaidi ya 200,000 ziligawiwa katika shule zake.

Kwa hiyo hata jambo gumu linaloombwa leo kwa makampuni limeshawahi kufanyika, na lilifanywa na kampuni kubwa, kwa mchezo mkubwa, kwa ajili ya watoto kama wa Kibati. Jina lilibaki kwa mwenyewe. Msimbo ulitoka.

Kilichotoka humo si mchezo tu. Ni mawazo ya mtu kuhusu mji. Ndani ya SimCity, eneo la makazi ambalo halijafikiwa na umeme halijengeki. Linabaki kiwanja chenye alama ya umeme inayowaka na kuzimika. Mtoto anayecheza anajifunza kwamba umeme unakuja kwanza, watu wanafuata. Mtoto wa Kibati anajua kinyume chake. Kwao watu wanajenga kwanza, kwa mbao na mabati, juu ya mawe meusi ya volkano. Umeme unafuata baadaye, kama unafuata. Familia zimeishi miaka zikitazama nyaya zikipita juu ya paa kuelekea mjini.

Mchezo ukiwa umefungwa, mtoto huyo hana la kufanya ila kukubali kwamba mji wa kweli ni ule wa Marekani, na kwamba mahali pake si mji. Mtaalamu wa kompyuta Alan Kay aliulaumu SimCity kwa jambo hilo: mtoto anaona matokeo, lakini hawezi kufikia kanuni zinazoyaleta, wala kuzibadilisha. Msimbo ulipotolewa, lawama hiyo ilipata dawa. Kanuni ya umeme ni mistari kadhaa ya maandishi. Mwanafunzi anaweza kuitafuta, kuisoma, kuibadilisha, na kuona mji unavyokua bila umeme: unakua wapi, unakwama wapi, moto unaenea vipi pale kila nyumba inapopikia makaa.

Goma haimo katika orodha

SimCity ilikuja na miji minane yenye matatizo ya kutatuliwa. San Francisco ya mwaka 1906 na tetemeko lake la ardhi. Hamburg ya 1944 chini ya mabomu. Bern ya 1965 iliyosongwa na magari. Tokyo ya 1957 inayovamiwa na dubwana. Detroit ya 1972 na uhalifu wake. Boston ya 2010 na ajali ya nyuklia. Rio de Janeiro ya 2047 iliyofunikwa na maji. Na mji mmoja wa kubuni, Dullsville ya 1900, ambao tatizo lake ni kwamba hakuna kinachotokea.

Hakuna mji wa Afrika. Hakuna volkano pia: mchezo huo wa kwanza una moto, mafuriko, kimbunga, tetemeko na dubwana, lakini hauna mlima unaotapika moto.

Wakaaji wa Goma na Nyiragongo wangeweza kuujaza upungufu huo bila kubuni chochote. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilishuka hadi katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege na kuingia ziwa Kivu. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, ilishuka tena, ikala vijiji vya wilaya ya Nyiragongo, ikakata barabara ya Goma kuelekea Rutshuru, na kusimama Buhene, mlangoni mwa mji. Siku tano baadaye wakuu waliamuru sehemu kubwa ya Goma ihame, na watu wakatawanyika: wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine Minova, wengine Rwanda. Watoto walipotezana na wazazi barabarani.

Msimbo wa Micropolis unaruhusu kuandikwa kwa "Goma 2021". Darasa la sekondari la Kibati, mahali ambapo watalii walikuwa wakianzia kupanda mlima huo huo, lingeweza kuuliza ndani ya mchezo yale ambayo wazazi wao waliyauliza usiku, bila jibu: barabara ipi inakatika kwanza? Maji yatatoka wapi pale bomba likiungua? Watu wote wakielekea Sake, nini kinatokea kwenye barabara moja? Kituo cha afya kikijengwa huku badala ya kule, nani anakifikia?

Hilo halichukui nafasi ya wataalamu wa Observatoire Volcanologique de Goma. Mchezo hautabiri volkano. Lakini kujadili mpango wa kukimbia ukiwa umekaa, siku ambayo anga ni tulivu, ni jambo ambalo watu wa Kibati hawajawahi kupewa nafasi ya kutosha kulifanya. Mchezo uliofungwa usingewapa nafasi hiyo hata kama wangeununua kwa dola mia.

Lugha inapita pale msimbo ulipo

Faida nyingine ni lugha. Mtoto wa Kibati anaongea Kiswahili na rafiki zake, labda Kikumu au Kinyarwanda nyumbani, anasoma Kifaransa shuleni, na anapowasha mchezo anakuta Kiingereza. Lugha tatu au nne kabla hajagusa kitufe.

Makampuni hayatatafsiri michezo ya zamani kwa Kiswahili, kwa kuwa hayaoni faida. Wenye lugha wanaweza kufanya hivyo wenyewe, ikiwa mlango uko wazi, na hilo limeshafanyika Afrika Mashariki. Mwaka 2000 kampuni ya Sun Microsystems iliweka hadharani msimbo wa programu yake ya kazi za ofisi, StarOffice, na hapo ikazaliwa OpenOffice. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kiliichukua na kuitafsiri. Mwaka 2004 ikatoka Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu, yote kwa Kiswahili. Hakuna aliyesubiri huruma ya kampuni ya Marekani. Msimbo ulikuwepo, wataalamu wa lugha walikuwepo, kazi ikafanyika.

Programu ya ofisi na mchezo wa kompyuta ni vitu tofauti, lakini kazi ya kutafsiri ni ile ile: kuna maneno ndani ya maandishi, na lazima mtu aweze kuyafikia.

Karatasi moja katika nyumba moja

Sababu ya tatu inaeleweka Kibati bila maelezo mengi. Familia iliyokimbia mara mbili au tatu inajua maana ya kupoteza diploma, kadi ya mchaguzi, au karatasi ya shamba. Kilichowekwa mahali pamoja, lava ikipita mahali hapo, kimekwisha. Aliyeacha nakala kwa shangazi Rutshuru na nyingine kwa padri mjini ana pa kuanzia.

Makampuni makubwa ya michezo, yenye majengo ya kioo na walinzi mlangoni, yamepoteza msimbo wao kwa uzembe tu. Mwaka 2012 kampuni ya Kijapani Konami ilitaka kuuza upya michezo miwili maarufu ya Silent Hill. Msimbo wa mwisho haukupatikana. Mafundi walilazimika kufanya kazi na maandishi ambayo hayakuwa yamekamilika, na wanunuzi walipokea mchezo wenye makosa mengi. Mwaka huo huo Jordan Mechner, aliyetengeneza Prince of Persia mwaka 1989, aliupata msimbo wake kwa bahati: diski zilikuwa ndani ya sanduku nyumbani kwa baba yake. Aliusoma kwa msaada wa wataalamu, kisha akauweka hadharani kwenye intaneti. Leo hauwezi kupotea tena, kwa sababu uko kwenye maelfu ya kompyuta.

Mchezo uliobaki mikononi mwa muuzaji mmoja unaweza kufutwa pia kwa makusudi. Mwaka 2011 kikundi cha Molleindustria kilitoa Phone Story, mchezo mdogo wa simu unaoonyesha simu inavyopatikana, kuanzia watoto wanaochimba coltan nchini Congo. Apple iliuondoa kwenye duka lake muda mfupi tu baada ya kutangazwa. Jambo lililohusu migodi ya Kivu liliamuliwa mbali na Kivu, na muuzaji.

Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani haipatikani tena kwa njia ya kawaida ya kununua. Kusubiri sheria iifungue ni kusubiri sana. Mkataba wa Berne, ambao Congo pia imo, unalinda kazi ya mwandishi kwa angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Mchezo uliotoka mwaka 1989 unaweza kuwa huru wakati mtoto wa leo wa Kibati ana wajukuu, na wakati huo hakutakuwa na diski inayosomeka.

Wanaopinga wana hoja

Haitoshi kuwaita wenye makampuni wachoyo. Baadhi ya hoja zao ni za kweli na zinastahili jibu.

Wanasema kwanza kwamba msimbo wote si wao. Mchezo mmoja huwa na vipande vya watu wengine: programu ya sauti ya kampuni hii, programu ya video ya kampuni ile. Ni kweli. Doom ilipofunguliwa mwaka 1997, sehemu ya sauti haikuweza kutolewa kwa kuwa ilikuwa mali ya mtu mwingine, ndipo likatolewa toleo la mfumo wa Linux ambalo halikuitegemea. Hilo lenyewe ni jibu: kipande kisicho chako kitoe, mengine yaache. Wasomaji wa msimbo wanajua kuziba pengo.

Wanasema pia kwamba kuna majina na sura zenye mikataba. Vijana wa Goma wanaijua hali hii kupitia mpira. Electronic Arts ilipoachana na jina la FIFA mwaka 2023, matoleo yake ya zamani yaliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Hakuna anayetarajia kampuni igawe bure sura ya Mbappé au nembo ya Real Madrid. Lakini maagizo yanayoeleza jinsi mpira unavyodunda hayana sura ya mtu. Msimbo na picha ni vitu viwili. Katika Doom, msimbo ulitolewa huku picha, sauti na ramani za mchezo zikiendelea kuuzwa.

Hoja ya tatu ni udanganyifu. Quake ilipofunguliwa Desemba 1999, wachezaji wa mtandaoni waliotaka kushinda kwa hila walibadilisha msimbo wakapata kuona na kulenga kuliko wenzao. Waliocheza kwa haki waliumia. Somo lake ni kuchagua wakati: msimbo wa mchezo wa mtandaoni utolewe siku seva rasmi zinapozimwa, siyo wakati watu bado wanalipia.

Hoja nzito zaidi ni ya watengenezaji wadogo, na hao ni pamoja na Waafrika. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu ili amnunulie kompyuta ya dola 300. Alitembea saa kadhaa kwenda kuichaji, akajifundisha kutengeneza michezo, na akatoa Salaam, mchezo wa mtu anayekimbia vita. Kumlazimisha mtu kama huyo agawe kazi yake mapema kungekuwa kumnyang'anya mtaji wake pekee. Kwa hiyo wajibu usiwekwe juu ya mchezo unaouzwa, wala juu ya anayeutegemea kula. Uwekwe juu ya mchezo ulioachwa: hauuzwi, hautengenezwi, hauna seva. Mwenye nao akisema bado ana mpango nao, basi auze. Kisichokubalika ni kutouza, kutorekebisha, na bado kuwazuia wengine.

Tena biashara na msimbo wazi vinaweza kukaa nyumba moja. Juni 2020, Electronic Arts ilipouza upya michezo ya Command & Conquer ya miaka ya 1990, ilitoa pia msimbo wake chini ya GPL wakati huo huo. Februari 2025 ikafungua mingine ya mfululizo huo. Kampuni inayojali faida isingerudia jambo lililoitia hasara.

Msimbo peke yake hautoshi

Iko pia hoja ambayo haisemwi Ulaya lakini inasemwa Kibati: msimbo wa nini, kama hakuna umeme wala kompyuta? Rwanda yenyewe iliipata shida hiyo. Kompyuta zilifika, lakini shule nyingi hazikuwa na umeme, na walimu walihitaji mafunzo ambayo hayakuja kwa kasi ya masanduku. Anayedhani kwamba kufungua msimbo kutazaa watengenezaji wa programu Nyiragongo kesho asubuhi anajidanganya.

Lakini hoja hiyo inaonyesha pia kwa nini michezo ya zamani ndiyo inayofaa. Michezo mipya inadai mashine ya bei kubwa na megabaiti ambazo kredi ya mwezi mzima haitoshi kuzilipa. Mchezo wa mwaka 1989 unaingia kwenye flashi ndogo kabisa na unabaki na nafasi. Unakimbia kwenye kompyuta ya mtumba ambayo benki au shirika limeiacha. Hauhitaji intaneti. Kompyuta moja, betri ya jua, na mwalimu mmoja aliyesoma informatiki vinatosha kuanza na kundi la wanafunzi kumi.

Walimu wa namna hiyo wanaandaliwa Goma kila mwaka, kwenye UNIGOM, ULPGL, ISIG na shule nyingine za juu. Na hapo lawama inageuka upande wa nyumbani. Mwanafunzi wa informatiki anatengeneza programu kwa ajili ya kazi yake ya mwisho wa masomo: usimamizi wa duka la dawa, orodha ya wagonjwa, mahudhurio ya shule. Anaitetea mbele ya jopo, anapata alama, karatasi inaingia maktaba na msimbo unabaki kwenye kompyuta yake mpaka iibiwe au ife. Mwaka unaofuata mwingine anaanza programu ile ile kutoka sifuri. Vyuo vinavyotaka makampuni ya Marekani yafungue makabati yanaweza kuanza na ya kwao: kazi ikishatetewa, msimbo wake uwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa mwaka unaofuata ataupata, kwa leseni inayojulikana.

Serikali nayo ina sehemu yake. Congo ina sheria ya mambo ya kidijitali tangu tarehe 13 Machi 2023. Kanuni za utekelezaji zingeweza kudai jambo jepesi: programu yoyote iliyolipwa kwa fedha za umma, uwe mchezo wa kufundishia hesabu au mfumo wa ofisi, mkataba wake useme msimbo utakabidhiwa. Huko Ulaya raia wamekwenda mbali zaidi. Ubisoft ilipozima seva za The Crew tarehe 31 Machi 2024, walionunua mchezo huo walibaki na diski isiyofanya kazi. Kampeni ya Stop Killing Games ikaanza, na mwaka 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya likapita sahihi milioni moja. Ombi hilo halidai msimbo; linadai tu kwamba mchezo ulionunuliwa uachwe ukiwa unachezeka. Ni hatua ya kwanza, na Waafrika walionunua michezo hiyo hiyo kwa bei ile ile hawakuulizwa.

Kivu inatoa coltan inayoingia ndani ya simu na mashine za michezo za dunia nzima. Inachorudishiwa ni masanduku yaliyofungwa, mara nyingi baada ya wengine kuyachoka. Wenye makampuni hawawezi kurekebisha historia yote ya biashara hiyo kwa kutoa maandishi ya michezo waliyoiacha. Lakini hilo haliwagharimu karibu chochote, na wenzao waliofanya hivyo tangu miaka ya 1990 hawakufilisika. Siku wanapouondoa mchezo dukani, wauweke msimbo wake mahali ambapo mwanafunzi wa Kibati anaweza kuuchukua mara moja, kwenye flashi, na kurudi nao nyumbani.